Jibwa Lililomo Ndani ya Kijibwa

Mmeshaona kijibwa, kile kinachopita chini ya kiti bila kuinama, kikilifuata jibwa la watu barabarani na kulifokea kana kwamba limekikanyagia mtoto. Na jibwa lenyewe, lenye kichwa kikubwa kuliko chungu cha maharage, linageuza uso pembeni na kujifanya linaangalia kuku. Watu hucheka, husema kijibwa kile hakina akili. Akili kinazo. Aliyezikosa ni mwanamume mmoja aliyeitwa Kirumbe, na mkewe Namkunda ndiye aliyeyabeba yote.

Wakati huo mbwa wa milimani walikuwa wa namna mbili tu, na wa kati hakuwapo. Kulikuwa na majibwa na kulikuwa na vijibwa. Majibwa yalimfika mtu kifuani, yalikuwa makali, na hayakujua kubweka. Yalimwona adui, yakamwendea kimya kimya, basi. Vijibwa viliweza kulala kwenye kikapu cha mboga na nafasi ikabaki. Vyenyewe vilibweka kutwa, lakini vilikuwa vioga kupita kiasi. Jani likidondoka, kijibwa kilibweka huku kikirudi nyuma mpaka uvunguni mwa kitanda.

Wote walikaa kwenye ua wa mzee mmoja aliyeitwa Senkoro, na huko ndiko watu walikokwenda kuwachukua. Ila mtu hakuchagua mbwa kwa kumwonyesha kidole. Alisimama kwenye mlango wa ua, akataja anachotaka kwa sauti, mara moja tu. Moyo wa mbwa husikia kabla ya masikio yake. Ukiitwa, moyo hutoka kwanza kumfuata aliyeita, na mwili huja nyuma. Ndiyo maana Senkoro hakukubali mtu aite hiki kisha abadili atake kile, kwa sababu moyo ukishatoka haurudishwi uani. Nyumba moja iliita neno moja, na mbwa aliyekuja ndiye wake.

Utaratibu huo haukumsumbua mtu yeyote miaka yote, mpaka alipotokea Kirumbe.

Shamba la Kirumbe na Namkunda lilikuwa la mwisho kabisa kabla ya msitu, mahali ambapo nyani waliamka na kukuta chakula kimeandaliwa. Mwaka uliotangulia walikuwa wamevuna mabua. Mwaka huu Namkunda alijenga dungu, kibanda cha kulindia kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na mahindi yalipoanza kutoa ndevu alihamia huko na mwanawe Mbonea mgongoni. Kutwa alikaa na kombeo mkononi. Nyani walipokwenda kulala ndipo aliposhuka kupika. Akiondoka mchana hata kwa muda wa kuchota maji, alirudi na kukuta magunzi yametupwa njiani.

Mtauliza mume alikuwa wapi. Alikuwa hapo hapo. Namkunda aliwahi kumwachia dungu aende mtoni kufua, na nyani wakatoka msituni. Kirumbe alishika jiwe. Akawaza ampige kwanza yule dume aliye mbele, au yule jike aliye karibu; maana ukimpiga jike, dume atakuja juu, na ukimpiga dume, jike atapata nafasi ya kula. Alipofikia uamuzi, nyani walikuwa wameshashiba na wamekaa kwenye tuta wanachokonoana viroboto. Kirumbe alilirudisha jiwe chini taratibu, lisimwangukie mtu. Tangu hapo Namkunda alilinda mwenyewe.

Hayo yote angeyavumilia, kama alivyovumilia mengine. Kilichomshinda ni moshi.

Mama yake, Nakiete, aliishi ng'ambo ya bonde, kwenye mlima unaotazamana na wao. Kila asubuhi Namkunda aliutafuta moshi wa jiko la mama yake. Mama naye aliutafuta wa binti yake. Ilikuwa ndiyo salamu yao tangu Namkunda aolewe. Msimu huo moshi ulianza kuchelewa, kisha ukawa mwembamba, kisha asubuhi moja ukatoka mnene na mweusi, na Namkunda akajua aliyewasha moto ni mtu mwingine. Mama yake hakuwahi kupoteza kuni namna ile.

Siku hiyo hiyo shangazi yake alisimama ukingoni kule ng'ambo, akaweka viganja mdomoni na kuita, kama watu wa milimani wanavyopelekeana habari.

"Namkunda ee! Mama yako anakuulizia!"

"Mwambie nakuja!"

"Lini?"

Namkunda alitazama mahindi yaliyomzunguka, akatazama msitu. Kwenda na kurudi kulihitaji kulala huko. Akiondoka, nyani wangelimaliza shamba, na Mbonea angeupitisha mwaka mwingine kwa mizizi. Akibaki, mama yake angekufa anauliza. Alikaa chini kwenye dungu akalia kwa hasira, akajifuta, akashuka kumtafuta mumewe.

"Baba Mbonea," alisema, "tunataka mbwa. Mbwa akilinda hapa, mimi nitakwenda kwa mama."

Kirumbe alikubali pale pale. Namkunda alishangaa, hata akaona aibu kwa jinsi alivyomfikiria vibaya. Kisha mumewe akauliza, "Mbwa gani?"

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza. Jibwa lina nguvu, hilo halina ubishi. Lakini jibwa linakula chungu kizima cha ugali peke yake, na chungu chenyewe wanacho kimoja. Halafu lilale wapi? Likilala ndani, wao watalala nje. Na mkia wake je, ukimpiga mtoto usoni? Kijibwa kinashiba ukoko, kinalala kikapuni, hakimzuii mtu kupita mlangoni. Lakini kijibwa kitamfukuza nani? Ingawa kitabweka, na kubweka nako ni msaada. Ingawa jibwa halibweki, kwa hiyo mtoto atalala vizuri. Ingawa usingizi wa mtoto sio tatizo lililopo. Kirumbe aliona mambo kila upande, na kila alipoona upande mmoja akaukumbuka mwingine. Namkunda alimwacha anaendelea akarudi kwenye dungu, maana nyani walikuwa hawangoji amalize.

Kesho yake Kirumbe alikwenda kwa Senkoro, akarudi mikono mitupu.

"Nimewaona wote," alisema. "Kwa kweli kila mmoja ana uzuri wake."

"Sikukutuma ukaangalie uzuri."

"Hili ni jambo la maisha, Mama Mbonea. Mtu haiti mara mbili."

Alikwenda tena. Safari hiyo aliona busara kuuliza ushauri njiani. Aliyekuwa na jibwa alilisifu jibwa, na aliyekuwa na kijibwa alikisifu kijibwa, kama ambavyo mtu yeyote angetegemea isipokuwa Kirumbe. Wala hakufika kwa Senkoro. Alirudi jioni amechoka, ana mawazo mengi kuliko aliyoondoka nayo, akaomba chakula.

Namkunda alimpakulia. Alijua akiufungua mdomo hataufunga. Asubuhi ile moshi wa ng'ambo ulikuwa haujatoka kabisa mpaka jua lilipopanda, na alikuwa amesimama kwenye dungu muda wote huo amelishika jiwe la kombeo bila kujua analishika.

Alfajiri iliyofuata alimsimamisha mumewe mlangoni.

"Leo unakwenda kusema neno moja. Jibwa. Hebu liseme nilisikie."

"Jibwa."

"Tena."

"Jibwa. Lakini, Mama Mbonea, ukiliangalia suala la ugali..."

"Baba Mbonea, nenda."

Akaenda. Na kilichotokea huko Namkunda alikuja kukipata kwa kumkamua mumewe kidogo kidogo, kama mtu anayekamua mbuzi aliyekwisha maziwa.

Kirumbe alilibeba lile neno vizuri karibu njia nzima. Alilisema kwenye kilima, akalisema kwenye daraja la mti. Alipokaribia ua wa Senkoro alipita nyumba ambayo jibwa lilikuwa linakula, na akasimama kuangalia. Lilikula ugali wote, likalamba mwiko, likamtazama mwenye nyumba kumuuliza kama ndiyo basi. Hapo Kirumbe akageuka moyoni. Akajiambia kijibwa ndicho jambo la maana, na mkewe atashukuru baadaye.

Alisimama kwenye mlango wa ua. Senkoro akamwambia, "Haya, ita." Kirumbe akavuta pumzi, akafungua mdomo kuita kijibwa. Akasema, "Ki..." na papo hapo uso wa mkewe ukamjia, ule uso wa alfajiri. Akaogopa. Akajirekebisha haraka, akamalizia kwa sauti kubwa, "...jibwa!"

Basi. Sehemu ya kwanza ya neno ilitoka kwake, na sehemu ya pili ikatoka kwa mkewe.

Ndani ya ua jibwa moja lilikuwa limelala kivulini, baba wa majibwa yote ya pale. Lilisikia jina lake na kuinuka, na moyo wake ukatoka mbio. Pembeni kilikuwapo kijibwa, mama wa vijibwa vyote, nacho kilisikia jina lake, na moyo wake ukatoka pia. Mioyo miwili ilifika mlangoni kwa wakati mmoja. Mwili wa kijibwa ulikuwa karibu, na ukawahi kupita kwenye tundu la uzio. Moyo wa jibwa, usiozoea kungoja, uliingia kwenye mwili wa kwanza ulioukuta unatoka, bila kuangalia ukubwa. Moyo wa kijibwa ulipokuta nafasi yake imechukuliwa, ukashikwa na woga, ukakimbia kurudi uani na kujificha ndani ya mwili mkubwa kuliko yote uliokuwapo.

Jibwa likasimama kidogo, likaangalia mlango, likaangalia jani lililokuwa linadondoka. Kisha likaenda kujibanza nyuma ya ghala.

Senkoro aliliona lile, akamgeukia Kirumbe. "Umesema nini wewe?"

"Kwa kweli, mzee," Kirumbe alijibu, "hata mimi ningependa kujua."

"Umetoa mioyo miwili kwa neno moja. Chukua ulichochukua uende, na usikanyage tena hapa."

Hivyo ndivyo Kirumbe alivyorudi nyumbani na kikapu kichwani. Namkunda alimwona kutoka kwenye dungu, amekuja peke yake, hakuna kitu cha kumfika mtu kifuani nyuma yake. Alishuka ngazi. Alifunua kikapu. Kijibwa kilikuwa kimekaa humo, masikio yamesimama, kinamtazama bila haya.

"Nini hiki?"

"Nilisema jibwa," Kirumbe alisema. "Yaani, nilimalizia na jibwa."

Namkunda alikaa chini njiani, pale pale kwenye vumbi. Alikuwa amemvumilia huyu mtu kwenye mahari, alipomwuliza baba mkwe kama ng'ombe mweupe ni bora au mwekundu mpaka ng'ombe wote wakatoroka. Alimvumilia kwenye jina la mtoto, ambaye aliitwa "huyu" mpaka alipoota meno. Alikuwa na maneno mengi ya kusema na hakujua aanze na lipi. Nusura acheke, kwa kuwa kwa mara ya kwanza naye alikuwa anashindwa kuchagua.

"Mama yangu anakufa," alisema mwishowe. Aliyasema polepole, bila kelele. "Anakufa pale, naona nyumba yake, na siwezi kwenda. Nilikuomba neno moja."

Kirumbe aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo iliyokuwa taabu kubwa zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumfukuza.

Wakati huo dungu lilikuwa tupu, na nyani walikuwa na macho. Waliteremka kutoka msituni, dume lao kubwa likiwa mbele, wakaingia kwenye mahindi kama wenye shamba. Namkunda alisikia bua la kwanza likivunjika, akatafuta kombeo, akakumbuka ameliacha juu. Kabla hajainuka, kikapu kilipinduka.

Nyani walikijua kijibwa. Kijibwa hubweka, hukimbilia mbele kidogo, kisha husimama na kurudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo dume lilikaa na hindi lake mkononi, likakitazama kinavyokuja, likangoja kisimame. Hakikusimama. Kilibweka kwa mdomo wake na kukimbia kwa moyo wa jibwa, na moyo ule haukujua kwamba miguu ni mifupi. Dume liliendelea kungoja. Lilikuwa bado linangoja kijibwa kilipolishika kisigino.

Lilipiga kelele ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwa nyani. Wengine hawakukaa kuuliza. Kitu kinachobweka na bado kinakuja hawakuwahi kukutana nacho. Walikimbia wakikanyagana mpaka msituni, na kijibwa nyuma yao, na kilipowafikisha kwenye miti kilirudi, kikaruka ngazi moja baada ya nyingine mpaka juu ya dungu, kikakaa.

Namkunda alimgeukia mumewe. "Ulisema nini pale mlangoni? Niambie neno lenyewe, kama lilivyotoka."

Ndipo Kirumbe alipoeleza yote kidogo kidogo, pamoja na maneno ya Senkoro kuhusu mioyo miwili, ambayo alikuwa bado anafikiria kama ayataje au asiyataje. Namkunda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamfunga Mbonea vizuri mgongoni.

"Umekosea, na kwenye kosa lako imetoka bahati, na bado nimekukasirikia," alisema. "Kipe chakula. Mimi nakwenda kwa mama."

Alishuka bonde na kupanda ng'ambo. Alimkuta mama yake amelazwa karibu na jiko, amekonda, macho yanaona kwa shida, lakini akili zake zote anazo.

"Shamba umemwachia nani?" Nakiete aliuliza, kabla ya salamu, maana alikuwa mkulima.

"Jibwa, mama."

"Kirumbe ameamua?" Sauti yake ilikuwa na mashaka makubwa kuliko ugonjwa.

"Hapana. Amesema kijibwa."

Akamsimulia. Nakiete alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akacheka tena, akamshika binti yake mkono na hakuuachia. Asubuhi Namkunda aliwasha moto kwa kuni chache, moja pembeni ya nyingine, kama alivyofundishwa, na moshi ukatoka mwembamba na mweupe. Nakiete aliunusa, akasema huo sasa ndio moto. Alifariki siku ile ile kabla jua halijatua, na mkono wa binti yake ulikuwa mkononi mwake. Namkunda alimzika mama yake.

Aliporudi, alipita kingo za shamba lote kwanza. Mahindi yalikuwa yamesimama, na ndevu zilikuwa zimeanza kukauka. Juu ya dungu kijibwa kilikuwa kimekaa kinatazama msitu, kimebweka mpaka sauti imekwisha, kinafungua mdomo tu. Chini ya ngazi alikaa Kirumbe na bakuli la ugali uliopoa.

"Hujakipa?"

"Nimekuwa nikifikiria," Kirumbe alisema. "Nikipe kwa kadiri ya mwili au kwa kadiri ya moyo?"

Namkunda alimwekea bakuli mkononi. "Kipe wote," alisema, akapanda ngazi kukaa na mbwa wake.

Kijibwa kile kilizaa, na watoto wake wakachukua moyo wa mama yao. Jibwa la Senkoro nalo lilizaa, na watoto wake wakatoka wakubwa na wapole. Ukiona jibwa kali leo, ujue limefundishwa na watu. Vizazi hivyo vikaja kuchanganyika, ndiyo maana sasa kuna mbwa wa kila kimo, na hakuna anayeweza kukisia moyo kwa kutazama miguu.

Na tangu siku hiyo kijibwa kinapokutana na jibwa hulifokea, kwa sababu kinaona mtu mwenye mwili wake. Jibwa hugeuza uso, kwa sababu linajua liliuachia wapi moyo wake na linaona haya kuudai. Namkunda hakukiita kijibwa hata siku moja. Alikiita Jibwa mpaka kilipokufa, na Kirumbe, ambaye alikuwa na la kusema upande huu na upande ule kuhusu kila jambo, kwa hilo alinyamaza. Na ninyi mnaobisha, lisemeni neno lenyewe polepole, kama Kirumbe alivyolisema pale mlangoni. Ki. Jibwa. Limo humo ndani.